Samaki Kwenye Kitako cha Bakuli

Perth, 3 Septemba 1991

Mdogo wangu Rhona,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna aliyekufa. Baba yupo, anakohoa, anagombana na redio, na kila asubuhi anakula uji wake wa shayiri huku akinilaumu kwamba nimeuharibu.

Nakuandikia kwa sababu ya shida moja. Chama cha mambo ya kale cha hapa mtaani kinaandaa maonyesho ya vyombo vya kioo vya Perth, mwishoni mwa Oktoba, kwenye ukumbi wa kanisa. Mwenyekiti wao, Bi. Moncur, alikuja kunywa chai akaliona lile bakuli la Baba kabatini, la kioo cha kijani na zambarau lenye chembechembe za dhahabu. Baba akamsimulia yote tangu mwanzo: jinsi alivyokuwa kijana wa kubeba makaa kwenye kiwanda cha vioo mwaka 1939, jinsi fundi mkuu alivyompa mrija wa kupulizia kioo saa ya chakula akamwambia, "Haya Wattie, puliza tukuone," na jinsi alivyompelekea Mama bakuli hilo likiwa limefungwa kwenye gazeti, ndiyo posa yake. Bi. Moncur alifuta machozi. Sasa wanataka kuliweka katikati ya ukumbi, na kadi yenye jina lake: Walter Geddie. Baba amekwisha kunituma na suti yake kwa dobi.

Ila wanataka mtu anayejua vioo athibitishe kwa maandishi, na Bi. Moncur amekutaja wewe na duka lako la vioo vya kale. Mistari miwili inatosha. Huna haja ya kuja, wala bakuli halina haja ya kusafiri, maana umelijua tangu utotoni.

Daktari anasema mapafu yake hayafiki Krismasi.

Dada yako,
Elspet


Edinburgh, 7 Septemba

Dada Elspet,

Miaka minane bila hata kadi ya Krismasi, na leo mnataka saini.

Nikukumbushe, maana naona kumbukumbu ya nyumba hiyo huchagua. Siku ya kumzika Mama nilichelewa kwa sababu treni ilikwama kwenye theluji. Nilifika kaburini na viatu vimelowa. Mbele ya mchungaji na majirani wote, Baba alininyooshea kidole akasema, "Huyu simjui. Mwanangu ni mmoja, yule aliyebaki kumuuguza mama yake." Na wewe, nyumbani baadaye, niliposimama mlangoni nikingoja angalau mtu mmoja aniambie nikae, ulikuwa umeshika trei ya vikombe. Hukuiweka chini.

Sasa tuje kwenye kazi. Sisaini kitu ambacho sijakikagua. Watu hupenda rangi, lakini rangi hudanganya. Viwanda vilivyokuja baadaye vilitumia rangi hizohizo na mizungusho ileile. Ukweli wa bakuli uko chini yake. Kioo cha Monart, kile cha Perth cha kabla ya vita, kina kovu pale fimbo ya chuma ilipokishika kikiwa bado cha moto, nalo kovu hilo limesagwa na kung'arishwa hadi likawa duara laini. Wakati mwingine utaona na mabaki ya lebo ya karatasi. Geuza bakuli, uniandikie unachokiona. Usinipambie.

Rhona


Perth, 12 Septemba

Mdogo wangu,

Kuhusu trei, ningeiweka wapi? Meza zote zilijaa watu na sandwichi. Lakini najua hukuniuliza habari ya meza.

Nimegeuza. Chini kuna duara. Ni laini kiasi. Macho yangu nayo siku hizi si ya kutegemea.

Rhona, Baba alikuwa mtu mgumu, sikatai. Mkanda ulining'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na mimi niliujua kuliko wewe. Lakini ungemwona leo usingemtambua. Ameanza kumsalimu paka wa jirani. Jana nilimkuta mbele ya kioo anajizoeza kusema, "Asanteni kwa kunialika." Alirudia hadi kikohozi kikamkatiza.

Andika mistari miwili, umfanyie mzee.

Elspet


Edinburgh, 16 Septemba

Elspet,

"Laini kiasi." Unaandika kama shahidi aliyehongwa.

Chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya hilo duara, sugua na penseli, nitumie. Hata mtoto wa chekechea anaweza.

R.


Edinburgh, 30 Septemba

Dada mpendwa,

Karatasi yako sijaiona, na sasa siihitaji. Nilimwomba Bi. Moncur, naye alikwenda huko kwenu na kamera siku uliyokwenda sokoni. Ananiambia Baba mwenyewe ndiye aliyemgeuzia bakuli, tena kwa fahari.

Picha iko mbele yangu hapa. Katikati ya lile duara lako laini kiasi kuna muhuri uliobonyezwa kwenye kioo: samaki anaruka. Ni samoni. Nimewaonyesha wanunuzi samaki huyo mara nyingi kiasi kwamba naweza kumchora nimefumba macho. Ni alama ya Strathearn, kiwanda cha mji wa Crieff, na Crieff hawakuanza kupiga muhuri huo mpaka katikati ya miaka ya sitini. Kwa hiyo bakuli la posa la mwaka 1939 lilitengenezwa wakati Mama ana mvi na mimi nimeshaanza kutembea.

Nilicheka, Elspet. Nilicheka hadi muuza duka wa jirani akaja kuuliza kuna nini. Utoto wangu wote niliambiwa nisilisogelee bakuli lile. "Hicho ni kitu pekee nilichowahi kutengeneza kwa mikono yangu," alikuwa akisema, na sisi tunakaa kimya kama kanisani. Kumbe mzee alipanda basi akanunua dukani kama watalii. Na wewe ulijua, ndiyo maana macho yako yakaharibika ghafla.

Sikiliza basi. Nampa nafasi. Amwambie Bi. Moncur mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba amedanganya watu maisha yake yote. Asipofanya hivyo, nitaandika mimi.

Rhona


Perth, 4 Oktoba

Rhona, mdogo wangu,

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu, naomba hiki.

Mwandikie Bi. Moncur kwamba huwezi kuthibitisha, basi. Sema picha haionekani vizuri. Sema unaumwa. Watalitoa bakuli kimyakimya, nami nitamwambia Baba nafasi imejaa. Atanitukana mimi na yatakwisha.

Kuna jambo ambalo nilimwahidi Mama siku zake za mwisho kwamba sitalitamka, na kwa sababu hiyo siwezi kukuelezea. Naweza kukuambia tu kwamba hulioni lote. Unajua vitako vya mabakuli, lakini hukuwa na akili ya kuelewa mambo ya nyumba hii wakati huo, ulikuwa mdogo mno.

Tafadhali, mdogo wangu.

Elspet


Edinburgh, 9 Oktoba

Elspet,

Kila mwongo ana "jambo ambalo siwezi kulieleza." Nayasikia kila wiki dukani kwangu. Na usimtumie Mama kama ngao, amekwisha kutumika vya kutosha alipokuwa hai.

Nimeandika. Barua nimeitia posta mchana huu. Nimemshauri Bi. Moncur asiliondoe bakuli, maana litawafaa kufundishia. Waliweke kifudifudi, watu wajionee jinsi ya kumtambua muuza hadithi.

Rhona


Perth, 28 Oktoba

Rhona,

Ulitaka kujua mambo, nitakujulisha.

Bi. Moncur alipata barua yako, akakosa ujasiri wa kuja kutuambia. Alidhani tukiona jina la Baba halimo kwenye tangazo tutaelewa wenyewe. Sisi hatukusoma tangazo. Nilimvalisha Baba suti, nikampaka mafuta kwenye nywele zilizobaki, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ukumbini. Njia nzima alikuwa anajizoeza, "Asanteni kwa kunialika."

Watu walikuwa wengi. Bakuli lilikuwa katikati kama walivyoahidi, ndani ya sanduku la kioo lenye taa. Lilikuwa limegeuzwa. Samaki yuko juu anawatazama watu. Kadi iliandikwa kwa herufi kubwa: KOSA LA KAWAIDA LA UTAMBUZI. Chini yake walikuwa wamenakili maneno yako, na jina lako, na ile sehemu ya muuza hadithi hawakuiacha.

Nilitaka kumgeuza turudi lakini alishika gurudumu. Alisoma polepole. Unajua anavyosoma, anatembeza midomo. Wale wazee wa kiwandani walikuwa wamekaa karibu na meza ya biskuti. Dod Imrie, ambaye siku zote alimwonea wivu, akapaza sauti:

"Wattie! Huyo samaki ulimvua mwenyewe, au alikuja amekwisha kukaangwa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata watoto. Mwingine akasema, "Mpeni leseni ya uvuvi!" Bi. Moncur alikuwa anahangaika na sukari kana kwamba imemwagika.

Baba alingoja kicheko kiishe. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Asanteni kwa kunialika." Akaniambia, "Nirudishe nyumbani, El."

Tangu siku ile amekataa uji, na chai hagusi.

Ameniomba kalamu. Sijui anaandika nini, amenifukuza chumbani.

Elspet


Perth, Jumatano

Rhona,

Ni kweli ulivyosema. Bakuli nililinunua Crieff. Nilitaka kujionyesha mbele ya watu. Dada yako hakujua lolote, usimlaumu.

Umesoma vizuri. Umeiona alama ambayo hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Baba yako,
W. Geddie


Edinburgh, 4 Novemba

Bwana Geddie,

Nimepokea ungamo lako. Lina mistari michache, na samahani haimo, wala sikuitegemea.

Ulipolifuta jina langu pale makaburini hukuhitaji ushahidi. Ulisema hunijui, na mji mzima ukaacha kunijua. Mimi angalau niligeuza bakuli nikatazama kabla ya kusema. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu, na nashukuru kuona kwamba sikurithi kitu kwako.

Unasema "Baba yako." Mtu niliyemwita hivyo alikuwa fundi aliyetengeneza kitu kizuri mara moja maishani, na kwa ajili ya kitu hicho nilimsamehe mengine mengi, hata bila kujua. Sasa tumeona kwamba fundi huyo hakuwahi kuwapo. Kwa hiyo sina wa kumwita.

Usijisumbue kuandika tena.

Rhona


Perth, 19 Novemba

Rhona,

Baba amefariki. Tulimzika Jumanne iliyopita, karibu na Mama. Barua hii nimeichelewesha makusudi, ili usije ukafika umelowa viatu tena.

Barua yako ilifika akiwa hawezi kuinua kichwa. Akaniambia nimsomee. Ningeweza kuruka baadhi ya maneno, au kubuni mengine. Nilifikiria, nikasema hapana, ameandikiwa yeye, na kama binti yake ana roho ya namna hii, ajue. Nilimsomea yote. Nilipomaliza akauliza, "Ana mwandiko mzuri?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Alikuwa anashika kalamu vibaya alipokuwa mdogo." Ndiyo maneno yake ya mwisho juu yako, isipokuwa agizo moja.

Agizo lenyewe ni kwamba nisikuambie kamwe. Aliniapisha. Mama naye aliniapisha. Nimekaa na viapo vya watu wawili waliokufa, nimefua mashuka, nimegawa nguo zake, na kila nikishika kitu naisikia sauti yako: sikurithi kitu kwako. Nimeamua kukuambia. Sidai kwamba nafanya hivi kwa wema.

Baba alipuliza bakuli. Alipuliza kweli, mwaka 1939, saa ya chakula, kama alivyosimulia. Nilikua nalo. Kitako chake kilikuwa duara lililong'arishwa, laini kabisa, lile unalowafundisha watu.

Mwaka 1966 ulikuwa na miaka minne. Mama alificha peremende ndani yake. Ulipanda kiti, ukalivuta, likaja nawe chini likavunjika. Lile kovu la kidole gumba chako cha kushoto, uliloambiwa ni mlango wa gari la Mjomba Rab, tazama hapo. Hakukuwa na gari. Mjomba Rab hakuwahi kuwa na gari.

Mama aliogopa mkanda. Hakujiogopea yeye, alikuogopea wewe, maana Baba wa siku zile tulimjua. Alikufunga kidole, akakuacha kwa jirani, akanishika mkono tukapanda basi hadi Crieff. Tulipita bakuli baada ya bakuli. Mama alikuwa anarudia, "Kijani zaidi, El, la kwetu ni kijani zaidi." Tukapata moja lililofanana kama pacha. Hatukugeuza. Nani angegeuza?

Jioni Baba alirudi, akanawa, akaenda kabatini. Kila jioni aliligusa tu, kama mtu anavyogusa kichwa cha mtoto akipita. Mkono wake ukasimama. Alilichukua, akalipeleka chini ya taa. Nilimwona akipitisha kidole kwenye kitako, akapapasa pale kwenye samaki, akapapasa tena. Mama alikuwa ameshika sufuria, haiweki chini. Wewe ulikuwa umelala kwenye kiti cha karibu na moto, na kitambaa kidoleni. Baba alimtazama Mama, akakutazama wewe kwa muda mrefu. Kisha akalirudisha bakuli mahali pake, akasema, "Chai imepoa."

Hakusema neno lingine miaka yote ile. Ndipo akaanza kuisimulia hadithi yake kwa kila mgeni, kwa sauti, hata walipochoka kuisikia, ili asitokee mtu wa kuuliza lile la kwanza lilikwenda wapi. Mkanda ukaondoka mlangoni wiki hiyo. Hukuwahi kujiuliza kwa nini mimi niliujua na wewe hukuujua?

Jingine. Nilikuandikia kwamba Bi. Moncur ndiye aliyekutaja. Si kweli. Ni Baba. Bi. Moncur aliuliza nani anaweza kuthibitisha, naye akasema, "Binti yangu mdogo. Hakuna anayejua vioo kama yeye." Nilimvuta kando nikamwambia, Baba, ataona. Akasema, "Atasaini. Labda atakuja kusaini mwenyewe." Pale makaburini alikosa, na alijua, na hakuwa na ulimi wa kulisema. Suti ile hakuwa amemvalia Bi. Moncur.

Alipokuandikia kwamba alilinunua yeye, nilimwambia afadhali tufe sote kuliko uongo huu. Akaniambia, "Akijua ataumia. Mimi nimebakiza siku, yeye amebakiza maisha." Basi hayo ndiyo maisha uliyobakiza. Ishi nayo.

Usiandike. Sitafungua.

Elspet


Edinburgh, 1 Desemba

Dada,

Najua hutaifungua hii. Naiandika kwa sababu jana sikupewa nafasi ya kusema.

Nilifika kwa treni ya asubuhi. Kwanza nilikwenda makaburini, nikazunguka sana, maana hakuna jiwe bado, na mlinzi aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nilimjibu. Akaangalia daftari lake, akasema, "Tuliambiwa alikuwa na binti mmoja."

Kisha nikaja nyumbani. Nilipiga hodi. Niliona pazia la juu linasogea, kwa hiyo najua ulikuwapo. Nilikuita, "El." Nilikuita, "Dada." Jirani yako wa kulia akatoka na taulo begani akasema, "Mama, mwenye nyumba hataki wageni, ametuambia tusikufungulie na sisi." Mvua ikaanza. Nilisukuma kifuniko cha tundu la barua mlangoni nikasema nilichoweza kusema, na sijui kama sauti ilifika popote, ndani kulikuwa na giza. Nikasikia ngazi inalia. Nikadhani unashuka. Ulishuka hatua chache, ukasimama hapo, nilikuwa nasikia unavyopumua. Ukapanda tena.

Nilibaki kizingitini mpaka taa ya mwisho ikazimwa, kisha nikaenda stesheni.

Nitakuja Jumamosi. Na Jumamosi inayofuata. Huna haja ya kufungua. Shuka tu zile hatua chache.

Rhona